Mapipa 30 ya Maji

Septemba 2007, saa nane za usiku, kijana mmoja wa kuchochea alinigusa bega nilipokuwa nimejilaza kwenye mkeka kando ya tanuri la matofali. "Mama, kuni hizi hazitufikishi asubuhi." Niliinuka nikaenda kuangalia. Kweli, lundo ambalo juzi yake lilikuwa refu kunipita lilikuwa limebaki magogo ya kuhesabika. Juu ya tanuri bado kulikuwa kunatoka wingu jeupe, zito, likipanda wima kwa sababu upepo ulikuwa umelala. Nilipoliona lile wingu moyo ulitulia kidogo. Nilidhani ni dalili kwamba moto umeshafika juu.

Ilikuwa karibu na Igurusi, upande wa Usangu, mkoani Mbeya. Miaka ile karibu kila kata ilikuwa inajenga sekondari yake, na mtu mwenye shimo la udongo na kalibu ya kufyatulia matofali hakukosa kazi. Mimi nilikuwa nimefiwa na mume mwaka uliotangulia, shimo likabaki mikononi mwangu pamoja na wafyatuaji wawili waliokuwa wakifanya naye kazi. Nikachukua oda ya darasa moja. Matofali 12,000 yalifyatuliwa, yakaanikwa, yakapangwa tanuri lenye midomo mitatu ya kuchochea moto, likakandikwa tope, tukawasha.

Kulipokucha nilikwenda barabarani nikamkuta dereva wa fuso aliyekuwa na magogo ya milingoti, yaani mikaratusi, iliyokatwa siku hiyohiyo. Magogo yalikuwa yanatoa maji kwenye ncha. Nikalipa bei aliyotaja bila kubishana, maana tanuri linalowaka halikupi nafasi ya kubishana. Siku nzima ya tatu tulipumua moshi. Vijana walikuwa na macho mekundu, wanakohoa, wanasukuma gogo zima ndani ya mdomo huku nusu yake iko nje. Siku ya nne tukaziba midomo.

Baada ya wiki tulifungua. Matofali ya jirani na midomo yalikuwa yameyeyuka na kushikana mabonge meusi, huwezi kuyatenganisha hata kwa nyundo. Ya katikati yalikuwa mazuri. Ya juu na ya pembeni yalikuwa na rangi ya udongo uleule tulioufyatua, unakwaruza kwa ukucha na vumbi linatoka. Tulipochambua, yaliyofaa hayakufika 5,000. Kamati ya ujenzi ilichukua yale ikanilipa ya yale. Mengine niliyapanga nyuma ya nyumba nikisema nitayarudia. Mvua za Desemba zilipoanza, lundo lile lilirudi kuwa tope mbele ya macho yangu, na nilikuwa bado na deni la kuni.

Kila aliyepita alinipa sababu moja: kuni hazikutosha. Mimi mwenyewe niliamini hivyo. Mwaka uliofuata nikanunua kuni nyingi zaidi, matokeo yakawa afadhali kidogo, gharama ikala faida yote. Nimekuja kuona kwamba jibu hili ndilo tunalolitoa wote tunaoishi kwa kuni. Shemeji yangu analima tumbaku Chunya, na bani lake la kukaushia lilikuwa na nyufa unazoweza kupitisha mkono, mabomba ya moshi yana matundu, na kila majani yalipokauka vibaya alisema safari ijayo ataongeza kuni. Wachoma mikate, wakausha samaki, wapika pombe, wote tunasema hivyohivyo. Kuongeza kuni ni jambo ambalo kila mtu anajua kulifanya.

Aliyeanza kunitoa hapo, ingawa sikubadilika mara moja, ni mama mdogo. Yeye ni mpika komoni, pombe ya kienyeji, tangu mimi ni mtoto, na ada za shule za wanawe zote zimetoka kwenye pipa lile. Alikuja kunipa pole baada ya hasara ya kwanza, akakaa kwenye gogo moja lililosalia, akalipapasa kwa kiganja kama mtu anayepapasa tumbo la ng'ombe.

"Hili limekatwa lini?"

"Wiki mbili sasa, mama."

"Mwanangu, kwa kuni hizi mimi pombe yangu ingelala jikoni. Ungenikuta napuliza mpaka leo."

Nilijua kwamba kuni kavu zinawaka vizuri, nani asiyejua? Lakini sikujua kwamba mama mdogo ana utaratibu. Siku hiyo nilikwenda kwake nikautazama kwa mara ya kwanza ingawa nimekua nikiuona. Kuni zake zinapasuliwa zikiwa bado mbichi, unene wa mkono wa mtoto, zinapangwa chini ya upenu kwa safu. Safu ya mwaka huu haiguswi mpaka ya mwaka jana iishe. Anajua pipa moja la komoni linakula vifungu vingapi. Ukimwuliza hafikirii, anakutajia. Mimi nilikuwa na tanuri lenye kula malori na sikuweza kukuambia tofali moja limekula nini. Nilikaa nikawaza kwa nini, na jibu nililolipata ndilo ninalolishika mpaka leo: yeye kila kuni ameibeba kichwani. Yangu ilishushwa na fuso nikiwa nimesimama kivulini.

Hesabu yenyewe nilifundishwa na mwalimu wa fizikia wa ile sekondari. Alikuja mwaka 2009 kununua matofali ya kibanda chake, akaniuliza tofali bichi lina uzito gani. Sikujua. Akaazima mzani dukani kwa mpima mchele, tukapima matofali kumi ambayo mimi na mafundi wangu tulikuwa tumeyahesabu kuwa ni makavu, tayari kwa tanuri. Tukayaweka juu ya tanuri la jirani lililokuwa linapoa, yakakaa siku mbili, tukayapima tena. Kila moja lilikuwa limepungua karibu gramu 300.

Alipiga hesabu kwa kijiti chini kwenye vumbi. Gramu 300 mara matofali 12,000 ni kilo 3,600 za maji. Maji lita moja ni kilo moja, kwa hiyo ni lita 3,600. Pipa la bati lina lita 200. "Mapipa 18," akasema. "Uliingiza mapipa 18 ya maji kwenye tanuri lako, ukayachemsha mpaka yakaisha, ndipo ukaanza kuchoma matofali."

Halafu akaniuliza kuhusu ile fuso ya dharura. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Dereva alikuwa amenikadiria tani 5. Basi humo nako mlikuwa na tani 2 na nusu za maji, mapipa 12 na nusu mengine. Jumla mapipa 30 na zaidi. Nilikumbuka vijana wangu wanavyoteka maji ya kukandia udongo, ndoo kwa ndoo kutoka mfereji wa umwagiliaji, na nikaona uchungu kwa kazi iliyofanyika mara mbili, ya kuyaingiza na ya kuyatoa.

Ndipo nikaelewa lile wingu jeupe la usiku wa pili. Tofali lenye maji halipiti nyuzi joto 100 mpaka maji yake yatoke. Unachochea, unachochea, lenyewe limekaa palepale linatoa mvuke. Ukilazimisha moto mkali, mvuke unakosa njia ya kupita, tofali linapasuka. Maji hayo ya wazi yakishaisha kuna mengine yaliyofungwa ndani ya udongo wenyewe, nayo hutoka kati ya nyuzi 450 na 600 hivi. Hayo hata uanike mwaka mzima juani hayatoki, ni haki ya moto. Na tofali haliwi tofali mpaka lipande kwenye 900 au zaidi, chembe zianze kushikana. Kwa hiyo kuni ninazolipia nataka zifanye kazi ya huku juu. Kazi ya chini, ile ya nyuzi 100, Usangu tuna jua la kuanzia Juni mpaka Oktoba lisilodai hata senti.

Tangu hapo kuanika ndiyo kazi ninayoisimamia kwa ukali kuliko zote. Zamani tulifyatua, tukaacha siku tano au sita, tofali likibadilika rangi tunasema limekauka. Sasa siku tatu za mwanzo matofali yanafunikwa nyasi, maana jua kali likilipiga tofali laini linapasuka ngozi huku ndani bado ni tope. Kisha yanageuzwa yasimame kwa ubavu. Kisha yanapangwa kwa kupishana, na nafasi ya vidole viwili kati ya moja na jingine ili upepo upite, na hapo yanakaa wiki tatu. Vijana walilalamika kwamba nawacheleweshea malipo, na walikuwa na haki, kwa sababu mimi nililipa baada ya kuchoma. Nikabadilisha: mfyatuaji analipwa anapomaliza kupanga kwenye safu za kukaushia. Bila kubadilisha malipo, nasaha zangu zote zingepita sikio hili zikatokea lile.

Kuni nazo zilihitaji darasa lake, na hilo nililipata Rungwe. Nilikwenda msibani Tukuyu, na binamu yangu mmoja ni mtu wa boila katika kiwanda cha chai. Viwanda vya chai huku kwetu hunyausha na kukausha majani kwa joto la kuni, milingoti hasa, kutoka mashamba yao na ya wakulima. Alinipeleka uani nikaona ukuta wa kuni, kila safu ina kibao cha tarehe iliyokatwa, juu kuna bati, pembeni kuko wazi. Magogo manene yote yamepasuliwa. "Hapa kuni haiingii kwenye boila kabla haijakaa miezi yake," aliniambia. "Tukiweka mbichi, presha ya mvuke inashuka, na chai haisubiri."

Nilimwuliza kama kweli inaokoa pesa. Akanipa jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Ukinunua kuni kwa kilo, tani ya kuni mbichi inakupa zaidi kidogo tu ya nusu ya joto la tani ya kuni kavu, kwa hiyo ubichi unauona kwenye pesa mara moja. Lakini sisi wa vijijini tunanunua kwa tripu, kwa macho, lundo kwa lundo. Fuso ya kuni mbichi na fuso ya kuni kavu zinaonekana sawa, na ubichi unajificha. Hasara inakuja kwa mlango mwingine. Moto wa kuni mbichi hauna ukali, na moshi ule mzito unaowatoa vijana machozi ni kuni yenyewe inayokwenda zake bila kuungua. Nikakumbuka ile siku ya tatu ya 2007. Tulikuwa tunaona moshi mwingi tukidhani tuna moto mwingi.

Nilirudi nikajenga banda la nyasi la kuni, la miti minne na paa tu. Ninanunua Novemba, wakati wachomaji wengine wamemaliza na wenye miti wanataka pesa ya mbolea, kwa hiyo bei ni nzuri. Kuni zinapasuliwa palepale, na zinakatwa urefu wa mkono mmoja ili zizame zote ndani ya mdomo na kibati cha kuzuia upepo kiweze kufunga. Gogo linaloning'inia nje linaacha pengo, na kwenye pengo hilo baridi inaingia usiku kucha ikipooza matofali uliyoyalipia kuyapasha. Tunachochea kidogo kidogo na mara kwa mara. Kumfundisha kijana kuchochea kidogo ni kazi, kwa kuwa anataka kujaza akalale. Wa zamu ya usiku nawalipa zaidi ya wa mchana, na wamejua kwa nini.

Nimeeleza mambo ya ukavu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yaliyonipa nafuu kubwa. La pili lilikuwa ukubwa wa tanuri, na hilo lilikuwa la watu zaidi kuliko la moto. Tanuri dogo ni ngozi tupu. Matofali yake mengi yako pembeni, na ya pembeni ndiyo yasiyoiva. Ukiongeza tanuri marefu, mapana na kimo, kila kipimo mara mbili, ndani yake yanaingia matofali mara nane, lakini ngozi inayovuja joto imeongezeka mara nne tu. Nilikuwa na jirani wawili wenye mashimo yao, kila mmoja anachoma 6,000 au 7,000 peke yake, na sote tunalia kuni. Nikawaita tuchange tanuri moja la 21,000.

Swali la kwanza lililotokea halikuwa la kuni wala la pesa. Lilikuwa: matofali ya nani yatakaa pembeni? Tulikaa nalo jioni mbili. Mwishowe tulikubaliana kila mtu atie alama yake kwenye tofali likiwa bichi, kwa kidole: mmoja nukta moja, mwingine mistari miwili, mimi msalaba. Na katika kupanga, kila upande wa tanuri na kila safu iwe na alama zote tatu, kwa zamu, huku wote watatu tumesimama tunaangalia. Ngozi ya nje kabisa tunaipanga kwa matofali mabovu ya miaka iliyopita ambayo si mali ya mtu, halafu tunakandika tope juu yake mara mbili, kwanza la mfinyanzi lililochanganywa na pumba, na likipasuka tunaziba nyufa tena siku ya pili moto ukiwa unawaka. Tangu tuanze hivyo hatujagombana, na nina hakika kwamba bila zile alama za vidole tungegombana tanuri la kwanza.

Upepo nitausema kwa kifupi. Agosti na Septemba huku unavuma mchana kutoka upande mmoja, na midomo ikiuelekea, upande huo unayeyuka na wa pili unabaki mbichi. Weka midomo iupe upepo ubavu, na jenga ukuta wa matofali mabovu wa kukinga, kimo cha mtu.

Sasa pumba. Anayepita barabara kuu ya kwenda Tunduma anaona mashine za kukoboa mpunga zimepangana Chimala, Igurusi na kuendelea, na nyuma ya kila mashine kuna kilima cha pumba. Katika kila magunia matano ya mpunga kwa uzito, karibu moja ni ganda. Miaka ile vilima hivyo vilikuwa vinachomwa ili vipungue, vinafuka miezi na miezi, na watoto wanaungua miguu wakidhani ni majivu yaliyopoa. Mimi nilikuwa nanunua miti ya mlimani huku nikipita kando ya moto huo kila siku. Inaniuma kusema nilipita miaka mitano.

Jaribio langu la kwanza la pumba, mwaka 2012, lilishindikana. Nilizimwaga kwenye midomo kama kuni, zikalala zikaziba hewa, moto ukafa. Fundi mmoja aliyetokea Ifakara ndiye aliyenionyesha kwamba pumba hazichochewi, zinapangwa. Unaziweka ndani ya tanuri tangu mwanzo, kati ya safu na safu, na kuzunguka pembeni zikiwa zimeshikwa na ukuta wa nje. Chini kuna kuni za kuwashia tu. Moto unatambaa wenyewe, hauna mwali, unapanda polepole kwa siku nyingi, wiki na zaidi. Unapokagua unaweka mkono kwenye tope la ukutani, unajua umefika wapi. Unaweza kulala nyumbani kwako.

Ubaya wake ni kwamba ukishawasha huna tena usukani. Pumba zikiwa na unyevu, au zimepangwa kwa uchoyo upande mmoja, hutajua mpaka ufungue. Rangi nayo haiwi sawa, na wanunuzi wa mjini wanapenda wekundu. Kwa hiyo siku hizi tunachanganya. Kuni kavu kwenye midomo kwa usiku mbili za mwanzo, za kuondoa maji taratibu na kupandisha joto, halafu pumba zilizopangwa juu na pembeni zinaendeleza pale ambapo kuni zilikuwa hazifiki. Kiasi kidogo tunakipondea ndani ya udongo wenyewe, ndoo moja ya pumba kwa ndoo nane za udongo. Tofali linapata moto kutokea ndani na linakuwa jepesi. Tulipojaribu kuzidisha, yalivunjika tukishusha kwenye lori, tukaacha.

Pumba zilikuwa bure. Leo wafuga kuku wanazitaka za kutandika mabandani, wachoma matofali wote wanazitaka, na wenye mashine wanauza kwa gunia. Wengine wanalalamika. Mimi silalamiki, maana kitu kilicholipiwa hakichomwi hovyo barabarani, ila nimejua nisiweke maisha yangu yote juu ya pumba.

Limebaki lililonichelewesha zaidi kuliko yote kulikubali. Nilipokuwa mdogo, mama mdogo alikwenda kuni chini ya mlima kabla ya uji, akarudi tukiwa bado tunakunywa. Mwaka ule wa 2007 alikuwa anatoka alfajiri anarudi saa tano. Siku moja aliniambia, bila hasira, "Siku hizi ninazifuata kuni zangu kule zilikokimbilia fuso zenu." Wanawake wanaokota matawi makavu, wanakata vijiti, mti unabaki umesimama na mwaka kesho unadondosha mengine. Mimi na wenzangu tulitaka shina. Shina likiondoka, hakuna tawi kavu litakaloanguka tena pale kwa miaka mingi. Tulikuwa tunachukua kutoka kwenye akiba ya watu ambao hawakuuza chochote na hawakulipwa chochote, na mmoja wao ni mwanamke aliyenilea.

Kijiji kilipoitisha mkutano wa kuutenga ule mlima kuwa msitu wa hifadhi ya kijiji, jambo ambalo Sheria ya Misitu ya 2002 inaliruhusu, wachomaji wengi walipinga. Mimi niliunga mkono, nikasema wazi kwamba ninajua nimekula nini pale. Sheria ndogo zilizotoka zinaruhusu kuokota kuni kavu kwa kichwa siku zilizopangwa, na hazimruhusu mtu mwenye lori.

Na nilikuwa tayari nimeanza kupanda. Mwaka 2010 nilitenga ekari moja ya ardhi ya changarawe isiyofaa mpunga, nikapanda milingoti kwa nafasi ya mita 2 na nusu kila upande, kama miche 640. Mchwa walikula karibu theluthi mwaka wa kwanza, nikarudishia mvua zilizofuata. Sikupanda karibu na kijito, kwa kuwa milingoti hunywa sana, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu au za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za ukingo wa mto. Kwa sababu hiyohiyo nililihamisha na shimo langu la udongo, lililokuwa limeula ukingo. Nilivuna mara ya kwanza 2017. Kisiki kinakatwa chini, kwa mshazari ili mvua isikae juu yake, na machipukizi yakitoka yanaachwa mawili, mengine yanang'olewa na kuwa kuni za jikoni. Sasa nasubiri mavuno ya pili ya visiki vilevile. Ekari moja hainitoshi, nanunua pia kwa wenye mashamba ya miti, kwa kibali na hati ya kusafirishia, na bei yake naiingiza kwenye bei ya tofali. Mnunuzi akisema jirani anauza rahisi, namwambia aende akayagonge kwanza.

Nina daftari. Ukurasa wa 2007 niliuandika baadaye kwa kumbukumbu: fuso 3, matofali 12,000, yaliyofaa hayafiki 5,000. Ukurasa wa tanuri letu la msimu uliopita: fuso 2 za kuni zilizokaa mwaka mzima bandani, magunia ya pumba 140, matofali 21,000, yaliyofaa 18,600. Kuna ukurasa wa 2014 ambao mvua ya ghafla ya Oktoba ilitukuta hatujafunika, na tulirudi karibu tulikoanza. Huo nao umo.

Jioni ya kwanza ya kila tanuri ninapanda juu mwenyewe, ingawa magoti hayapendi tena. Nachukua panga lililolala kwenye ndoo ya maji baridi, nalifuta likauke kabisa, nalishika bapa juu ya nafasi moja ya kupitishia moshi huku nahesabu polepole mpaka kumi, halafu naligeuza. Likiwa na jasho, najua mvuke bado unatoka, nashuka nawaambia vijana waendelee na moto mdogo, wasiniongezee hata kuni moja. Nalala kidogo, napanda tena. Msimu uliopita panga lilitoka kavu kabla ya jogoo wa kwanza. Mama mdogo alikuwa amekuja kukaa nasi, amejifunika kitenge chini ya mwembe. Nikamwonyesha lile panga kutoka juu, naye akawageukia vijana.

"Haya," akawaambia, "sasa mpeni kuni."